Kuni za Kukhu

Enzi zile kwenda kuni Isecheno, kwenye msitu wa Kakamega, hakukuwa safari ya mtu mmoja. Wanawake walitoka pamoja asubuhi, panga mkononi, kibali cha msitu kimefungwa kwenye pindo la leso. Kukhu, mama yake baba yangu, hakukata ovyo. Aligonga gogo kwa mgongo wa panga, akasikiliza, ndipo akakata au akapita. Alijua mti upi unashika moto vizuri na upi unajaza jiko moshi. Mzigo ulifungwa kwa magome, ngata ikawekwa kichwani, goti moja likashuka chini, mwenzake akashika upande wa pili, wakainua.

Leo kazi yangu ni tiba ya shughuli, na safari ile ningeiandika kurasa kadhaa. Tunapochambua shughuli tunaifumua hatua kwa hatua. Hapa kiungo gani kinakunjwa? Nguvu kiasi gani? Jicho linafanya nini, kumbukumbu inafanya nini, ardhi ikoje, mtu yuko na nani, na kwa nini anataka kuifanya? Kufunga mzigo kunadai mikono miwili, mmoja ushike na mwingine uvute. Kutembea na mzigo kwenye njia yenye mizizi kunadai shingo isimame wima huku nyayo zikisoma njia. Lakini kuchagua kuni kunadai sikio na maarifa tu. Mkono mmoja mzima unatosha kugonga gogo.

Hapo ndipo panaponiuma. Kukhu alipopigwa na kiharusi upande wa kulia, nyumba nzima ilimwonyesha mapenzi kwa kumpokonya kazi. "Keti, Kukhu, sisi tupo." Panga likaondoka, mwiko ukaondoka, hata kuchagua maharagwe akachaguliwa. Alishinda kwenye kigoda nje ya jikoni, akitazama mizigo ikiletwa na vijiti vibichi ndani yake. Aliviona. Alikuwa na ulimi mzito, na hakuna aliyengoja amalize sentensi. Angeweza kupelekwa hadi ukingoni mwa msitu, akae, aletewe magogo agonge. Angebaki mwenye kuni.

Elimu hiyo ilikuwepo nchini. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kule Nairobi kilianza kufundisha tiba ya shughuli mwaka 1968. Kijijini kwetu hatukuwahi kuisikia. Kiharusi kilikuwa ugonjwa wa kukaa. Sasa ipo hata sheria, ile ya 2014, ya mafunzo, usajili na leseni za wataalamu wetu, na ninafurahi kwamba mgonjwa wa leo ana mtu wa kumwendea.

Ila anamwendea mbali. Kutoka Isecheno ni bodaboda hadi Khayega, kisha matatu hadi mjini Kakamega, na akifika anakuta chumba chenye koni za plastiki na mpira wa kufinya. Sivipuuzi, vidole vinahitaji mazoezi. Lakini koni haimwambii mtu kama bado ni yeye. Na nyumba anayotoka imebadilika pia. Palipokuwa na mafiga matatu, wengi sasa wana jiko la Upesi lililokandikwa kwa udongo, wengine gesi. Kati ya mashamba na msitu kuna ukanda wa chai ya Nyayo, mpango ulioanza 1986, na anayechuma hulipwa kwa kilo: majani mawili na chipukizi, kidole gumba na cha shahada, mikono yote miwili, kutwa nzima. Aliyepooza mkono mmoja hahitaji kuelezwa alichopoteza. Siwezi kumtibu kwa kukumbuka jiko la Kukhu.

Mgonjwa wangu mmoja, mama aliyepata kiharusi, aliwahi kunirekebisha vizuri. Nilikuwa nimemwandalia ugali: jinsi ya kuizuia sufuria isizunguke unga unapokaza, kwa kuibana ndani ya fremu ya mbao, ili mkono mmoja usonge. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akasema ugali unapikwa na wakaza wanawe, na wanaupika vizuri. Yeye alitaka kurudi kuni, na wenzake.

Tukaanza na kufunga. Mguu wa kulia, ule dhaifu, ukanyage ncha ya kamba. Mkono wa kushoto uvute. Hivyo mguu unajifunza tena kubeba uzito na kamba inakaza. Alirudia mpaka jasho likamtoka, fundo likashika. Sakafu yangu ni ya saruji, kavu na sawa. Njia yake ni ya mteremko, na Isecheno mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Anahitaji mtu wa kushuka naye hadi kwenye miti aone mguu ule unavyofanya kwenye matope, na siku ile foleni nje ya mlango wangu ilikuwa bado ndefu.