Enda: neno moja badala ya linki ndefu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu yenyewe ndiyo habari ya leo. Nilijenga kitu kidogo kazini, kikaniaibisha, ikabidi nikijenge tena.

Ninafanya kazi hapa Voi, katika kampuni ya usambazaji yenye maghala manne: Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Kila ghala lina vibarua wa kupakia na kupakua, na saa zao hujazwa kwenye jedwali lililo mtandaoni. Kila mwezi jedwali jipya, kwa hiyo kila mwezi linki mpya, ndefu kama treni ya mizigo. Nilikuwa naituma kwenye kundi la WhatsApp, halafu inazikwa chini ya salamu za asubuhi na matangazo ya harambee.

Mwezi mmoja, mama anayesimamia ghala la Taveta alifungua linki ya mwezi uliotangulia, akajaza humo saa za watu wake wote. Jumamosi ya malipo ikafika, na kwenye jedwali la mwezi huo Taveta haikuwa na saa hata moja. Vibarua wakarudi nyumbani mikono mitupu mpaka Jumatatu. Watu walimlaumu yeye. Kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyewafanya wafanyakazi kuwa wawindaji wa linki.

Mtaniuliza, si kuna huduma za kufupisha linki? Zipo, na TinyURL ilianza tangu 2002. Lakini nilikuwa na wasiwasi wa aina mbili. Kwanza, mwenye huduma ndiye mwenye ufunguo. Google ilianzisha goo.gl mwaka 2009, na mwaka 2019 haikuruhusu tena kutengeneza linki mpya. Mwaka 2024 ikatangaza kwamba hata za zamani zitakufa Agosti 2025, na siku zilipokaribia ikalegeza, ikaziacha zile zilizokuwa bado zinatumika. Pili, linki fupi hukisiwa. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba ukijaribu herufi chache chache kwa kubahatisha, unafika kwenye faili za watu waliodhani wamejificha. Saa na malipo ya vibarua wetu si mambo ya kuanikwa barabarani.

Nikakumbuka kwamba ndani ya Google yenyewe wafanyakazi huandika go/ na neno moja tu, wakafika wanakokwenda. Sisi ni Waswahili, basi yetu nikaiita enda.

Inafanya kazi hivi. Nilichukua kompyuta kuukuu, nikaweka Linux na hifadhidata ya SQLite yenye safu tatu: neno, anwani, na mwenye neno. Rauta zetu huipa kila kompyuta jina la ukoo la mtandao wa ofisi. Ukiandika enda/saa, kompyuta inaongeza ukoo huo kwenye "enda" na kuiuliza DNS ya ofisi mashine hiyo iko wapi. Matawi yanafika Voi kupitia VPN. Seva inatafuta neno "saa", kisha inaiambia brauza yako: nenda kule. Programu nzima haifiki mistari mia moja ya Python. Mara ya kwanza tu niliwaambia waanze na http://, la sivyo brauza nyingine hudhani unataka kutafuta maana ya "enda" kwenye Google.

Mwezi wa kwanza, raha tupu. Mwezi wa pili nikabadilisha anwani ya "saa" na kwenda kunywa chai. Simu ikalia kutoka Taveta.

"Mwanangu, hii enda yako inanirudisha mwezi uliopita."

"Haiwezekani, mama. Nimebadilisha sasa hivi."

"Mimi naangalia tarehe juu ya jedwali. Wewe unaangalia nini?"

Alikuwa sahihi. Seva inapomwelekeza mtu, hutoa pamoja na jibu namba fulani. 301 maana yake "pamehamwa moja kwa moja", na brauza huweza kuikumbuka kiasi cha kutorudi kuuliza tena. 302 maana yake "kwa sasa, pitia huku", kwa hiyo mara nyingine inauliza upya. Mimi niliweka 301. Brauza ya Taveta haikuwa ikifika Voi kabisa, ilikuwa inafuata jibu la mwezi wa kwanza. Kama yule mama asingeangalia tarehe, vibarua walewale wangekosa malipo mara ya pili, na safari hii mtaalamu akiwa ameshajisifu.

Nikaweka 302, nikaongeza agizo la kuzuia brauza kuhifadhi jibu, kisha nikashinda mchana kwenye simu nikiwaelekeza watu kufuta kumbukumbu za brauza zao. Pia, stima ikipotea Voi enda ilikuwa inapotea kwa maghala yote, basi sasa kuna nakala yake kwenye mashine ndogo kule Wundanyi.

Nilianza nikidhani kazi ya linki fupi ni kufupisha. Sivyo. Kazi yake ni kumwahidi mtu kwamba akilishika neno moja, ataletwa mahali sahihi hata pakihama, bila yeye kuhitaji habari za uhamisho. Ahadi hiyo inataka mtu wa kuitunza. Ndiyo maana ile safu ya tatu, ya mwenye neno, ndiyo naithamini kuliko zote. Neno lisilo na mwenyewe tunalifuta.

Neno "saa" lina jina langu. Kila tarehe mosi, kabla ya chai, nampigia mama wa Taveta, anafungua enda/saa na kunisomea tarehe iliyo juu. Akishaisoma, ndipo naweka maji motoni.

Haya, tuonane wiki ijayo.