Birika la Taa ya Buluu

Nilinunua birika la umeme kwa sababu ya taa yake. Naliweka jambo hili mbele, maana kwa miezi minne niliwapa watu sababu nyingine.

Birika letu la zamani lilikuwa la stili, la lita moja, na swichi yake ilikuwa imekufa. Ukitaka lichemke sharti uishikilie kwa kidole mpaka mwisho, au uifunge kwa mpira wa kubania noti, jambo ambalo simshauri hata adui yangu. Mama watoto alisema fundi wa mtaani atabadilisha swichi kwa 5,000. Akaongeza kwamba lita moja inatutosha: asubuhi linachemshwa mara mbili, maji yanamiminwa kwenye chupa ya chai, na chupa inatufikisha jioni. Mimi nikasema mafundi wanapoteza muda, nikapanda daladala kwenda Kariakoo.

Dukani palikuwa na mabirika safu tatu. La plastiki la lita moja, 18,000. La stili la lita moja na nusu, 25,000. Na juu kabisa, peke yake kama bwana harusi, la kioo, lita mbili na nusu, wati 2200, shilingi 45,000. Muuzaji alikuwa mjanja, hakunisifia kitu. Alitia maji kidogo, akabonyeza, na kioo kizima kikawaka buluu kuanzia chini, vipovu vinapanda ndani yake. Nikamwambia, "Nifungie hilo."

Nyumbani nilisema nimechukua kubwa kwa ajili ya wageni. Uongo. Wageni wa kumaliza lita mbili na nusu hutufikia mara mbili kwa mwaka, na wakifika tunabandika sufuria kubwa jikoni kama watu wengine wote.

Nilimuuliza muuzaji swali moja tu, nalo halikuwa swali lenyewe: "Linakula umeme?" Akajibu kwamba linachemsha haraka, kwa hiyo halili. Hapo alisema nusu ya kweli. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25, ukiyafikisha kwenye 100, inataka kama uniti 0.09 ya umeme, na ukijumlisha joto linalopotea hewani unakaribia 0.1. Liwe birika la wati 1000 au la wati 2200, hesabu haibadiliki sana. Lenye wati nyingi linawahi kumaliza, basi. Kinachokula umeme ni maji uliyotia. Nilipaswa kumuuliza hivi: nikitaka kikombe kimoja, hili litanikubalia nichemshe kikombe kimoja? Ubavuni mwake kuna mistari miwili, na macho yangu yalikwenda kwenye ule wa juu. Wa chini ulikuwa kwenye lita 0.8. Kikombe changu ni robo lita.

Na hata huo mstari wa chini hatukuuheshimu. Birika la kioo likiwa na maji kidogo linaonekana kama limefilisika, kwa hiyo kila mtu alikuwa analijaza. Chupa ya chai ikapanda juu ya kabati, kwa kuwa nani anahangaika na chupa wakati maji ya moto yako umbali wa dakika sita? Tukachemsha asubuhi, tukachemsha saa nne, tukachemsha baada ya kula. Watoto wakagundua kwamba jioni, ukizima taa ya sebuleni, birika linapendeza kuliko katuni. Mdogo alipenda kuacha kifuniko wazi ili aone vizuri. Birika la aina hii hujizima kwa mvuke: mvuke unapita katundu kadogo karibu na kifuniko, unashuka mpaka kwenye kipande cha metali mbili kinachojikunja kwa joto na kufyatua swichi. Kifuniko kikiwa wazi mvuke unajiendea zake juu, swichi haipati habari, na maji yanaendelea kuchemka mpaka mtu mzima apite. Mtu mzima mwenyewe alikuwa mimi, na mara nyingi nilisimama kidogo kutazama.

Sasa nifike kwenye LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Sisi tulikuwa kundi la D1, la matumizi madogo, ambako uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kodi na tozo zikiingia inafika 122. Nyumba yetu ilikuwa inatumia kama uniti 60, zinazogharimu 7,000 na kitu. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada inapanda bei zaidi ya mara tatu. Mwezi wa kwanza wa birika tulivuka. Wa pili tukavuka, wa tatu tukavuka. Wa nne nilinunua umeme wa 5,000, na badala ya uniti 40 na ushee, simu ikaniletea 14. Tulikuwa tumehamishwa kwenye bei ya 356.

Ningeweza kukaa chini na kujiuliza ni kitu gani kimebadilika nyumbani tangu miezi minne iliyopita. Kilikuwa mezani, kinawaka buluu.

Badala yake nilimwita dada anayetusaidia kazi, sebuleni, mbele ya watoto, nikamwambia anapiga pasi nguo zake usiku akidhani tumelala. Alisema, "Sijapiga pasi, baba." Kisha akanyamaza. Nikauhesabu ukimya wake kuwa ni kukiri. Mwezi ule nilimkata 10,000 kwenye mshahara.

Umeme uliendelea kuisha. Jumapili moja, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikaamua kumkamata mwizi kazini. Nilijaza birika, nikabonyeza, nikatoka nje kimya kimya kuvizia mita wakati chai yangu inajiandaa. Ndiyo, mwizi nimemwacha jikoni anachemka, mimi niko nje namvizia. Mita yetu ina taa ndogo nyekundu ambayo kwa kawaida hukonyeza kama mtu mwenye usingizi. Asubuhi ile ilikuwa inakonyeza upesi upesi, haipumziki. Nikajiambia leo nimempata.

Nikazunguka mbio hadi uani. Dada alikuwa ameinama juu ya meza, ana pasi ya mkaa mkononi, na chini ya pasi lilikuwa shati langu la kazini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo pasi ya wapi?"

"Ya jirani. Ya kwetu ilikufa tangu Ramadhani. Nilimwambia mama."

Kabla sijapata la kujibu, jikoni kukalia *tak*. Maji yamechemka. Nikarudi kwenye mita. Taa nyekundu ilikuwa imerudia usingizi wake.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimeshaelewa, ila sikutaka kuingia ndani. Nilifikiria yale mashati yote tangu Ramadhani, yaliyonyooshwa kwa mkaa wa kuazima, ambayo nilikuwa nimeyavaa huku namwita aliyeyanyoosha mwizi wa umeme.

Kisha, kwa ubishi tu, nikachomoa friji, nikajaza birika upya, nikabonyeza na kwenda kuhesabu. Kwenye mita yetu mikonyezo 1000 ni uniti moja. Ilikonyeza mara 240, kwa dakika sita na nusu. Karibu robo uniti, kwa chai ya mtu mmoja ambaye tayari alikuwa na maji ya moto. Kama tulichemsha hivyo mara tano au sita kwa siku, na mimi naamini tulizidisha, hizo ni uniti 40 kwa mwezi.

Mchana nilimwomba radhi mbele ya watoto wale wale. Nilimwambia, "Mwanangu, nimekukosea. Mwizi nilikuwa mimi." Akasema, "Yameisha, baba." Akasubiri kidogo. "Na ile elfu kumi?" Nikampa.

Gharama ya mambo yote haya ni hii. Birika 45,000. Mwezi mmoja wa uniti 100 kwa bei mpya, zaidi ya 35,000. Tumeshapunguza, tumerudi kwenye zile uniti 60, lakini kwa 356 zinagharimu zaidi ya 21,000, badala ya 7,000 za mwanzo. Maombi ya kurudishwa D1 nimeyapeleka. Dada bado ananiamkia vizuri, ila akitumwa dukani siku hizi anarudi na risiti, hata ya kiberiti.

Fundi alibadilisha swichi ya birika la stili kwa robo saa, 5,000 kamili, kama nilivyokuwa nimeambiwa. Chupa ya chai imeshuka kabatini, la kioo limepanda. Maji yetu ya kisima yana chumvi, na kioo hakifichi kitu: lina ukoko mweupe mpaka shingoni, ambao ndimu iliutoa mara mbili za kwanza na mimi sikuwa na moyo wa mara ya tatu. Wewe unayekwenda kununua wiki hii, usiruhusu waliwashe kwanza. Uliza mstari wa chini uko wapi, kisha pima na kikombe chako.

Pasi ya umeme nimenunua. Imo ndani ya boksi lake. Dada anasema ataifungua siku tutakaporudi kwenye 122.