Albamu ya Saa za Makombo

Kwa miaka mitatu nilikaa zamu ya usiku kwenye mapokezi ya nyumba moja ya wageni Shangani, Mji Mkongwe. Naingia saa mbili usiku, natoka saa moja asubuhi. Swali nililoulizwa kuliko yote halikuwa la maji ya moto wala la nywila ya intaneti. Lilikuwa hili: nyumba ya Freddie Mercury iko wapi? Nikawa naelekeza kwa mkono tu. Toka hapa, fuata Barabara ya Kenyatta, ukiona watu wanapigana picha mlangoni, umefika. Wanashukuru, wanakwenda zao. Mie mwenyewe nilikuwa simsikilizi. Nilijua kazaliwa kwetu, nilijua ile nyimbo yao ya mpirani, basi.

Usiku mmoja mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza aliyekosa usingizi, alishuka kuomba chai. Akanikuta naandika kwenye daftari. Akaniuliza naandika nini, nikamwambia hadithi. Nikamweleza kwamba naandika saa hizi kwa sababu mchana una wenyewe, na saa hizi hakuna anayenihitaji. Akacheka. Akasema, basi sikiliza albamu ya kwanza ya Queen, ilirekodiwa na watu kama wewe, saa kama hizi. Akanirushia kwenye simu. Nilidhani ni maneno ya adabu ya mtu anayesubiri maji yachemke. Nilipokuja kuisoma habari yenyewe, nikakuta mzee wala hakutia chumvi.

Mwaka 1971 Queen walikuwa vijana wanne wa London ambao hakuna anayewajua. Mwimbaji wao ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa skuli ya bweni India, akarudi nyumbani 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, akaondoka na wazazi wake na dada yake kwenda Uingereza. Huko akasomea usanifu wa picha, kisha yeye na mpiga dramu, Roger Taylor, wakawa na kibanda cha nguo kwenye soko la Kensington. Brian May alikuwa anasomea shahada ya uzamivu kwenye fizikia ya nyota. Gitaa lake alilitengeneza nyumbani yeye na baba yake, shingo yake kwa mbao ya meko kuukuu, na ndani yake wakatia springi za pikipiki. John Deacon, mpiga besi, ndo kwanza kajiunga, naye kasomea elektroniki. Kwa hiyo elimu walikuwa nayo. Pesa za studio ndizo hawakuwa nazo.

Nafasi ya kwanza ilikuja kwa mlango wa nyuma. Studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia jengo jipya Wembley, na mafundi walihitaji bendi ya kupiga kwa kelele ili wapime vyumba na mitambo yao. Queen wakakubali kuwa jiwe la kupimia mizani. Ujira wao ukawa kurekodi nyimbo tano bure. Wakatoka na demo, wakazunguka nayo kwenye makampuni ya muziki.

Nafasi ya pili ilikuwa Trident, studio iliyoko Soho, ya ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield. Hapa si pahala pa kubahatisha. Beatles walirekodi "Hey Jude" hapo mwaka 1968. David Bowie na Elton John walikuwa wateja. Queen wakaruhusiwa kuingia mwaka 1972, lakini kwa sharti: watarekodi saa ambazo hakuna mteja anayelipa. Mteja akimaliza mapema, au akiahirisha, ndipo wanaitwa. Mara nyingi ilikuwa usiku wa manane. Mwenye pesa kashaondoka, wao ndo wanaingia, wanatoka kumekucha.

Hebu fikiria kufanya kazi yako ya kwanza kwa namna hiyo. Leo una saa tatu, kesho huna hata moja, keshokutwa unaitwa saa nane usiku na sauti imelala. Mla makombo hapangi sahani. Dramu pale Trident zilifungwa kwenye kijichumba na kuzibwa zisivume, zikatoa sauti kavu, fupi, kama mtu anayegonga sanduku la nguo. Ndivyo studio ilivyopenda, na wakati ule wateja wengi walipenda hivyo hivyo. Taylor na May hawakuipenda, na wamelisema hilo miaka na miaka. Lakini aliyekaribishwa kwa hisani ataanza vipi kufumua mitambo ya mwenye nyumba?

Ubishi haukukosekana. "Keep Yourself Alive", wimbo wa kufungulia albamu, ulichanganywa sauti mara nyingi, kila mara wanausikiliza na kuukataa, mpaka fundi kijana, Mike Stone, akapata mchanganyiko uliokubalika. Wimbo mwingine, "Mad the Swine", ulitupwa nje kabisa kwa sababu bendi na prodyuza Roy Thomas Baker hawakuelewana namna unavyotakiwa kusikika.

Lakini kisa kilichonikaa moyoni ni cha "The Night Comes Down". Wimbo huu ulikuwemo kwenye ile demo ya Wembley. Wakaurekodi upya Trident, kwenye studio ya kifahari, mbele ya maprodyuza. Ukakataa. Kila kitu kipo, roho haipo. Mwisho wakairudia demo, ile iliyorekodiwa walipokuwa wanapimia watu mitambo, wakaitia kwenye albamu kama ilivyo. Ndiyo tunayoisikia mpaka leo.

Kurekodi kuliisha mwishoni mwa 1972, halafu ukaja ugonjwa ambao kila mwandishi anaujua: kungoja. Kampuni ya kuitoa haijapatikana. Albamu imekaa, na waliotunga wanaendelea kukua, nyimbo mpya zinawajia, za zamani zinaanza kuwaonea aibu. EMI wakaitoa Uingereza tarehe 13 Julai 1973. Haikuingia kwenye chati. Wala singo yake haikuingia. Ni mwaka uliofuata, albamu ya pili ilipopata jina, ndipo watu waliporudi nyuma kuitafuta ya kwanza, ikapanda hadi namba 24.

Sasa niseme kweli kama msikilizaji, maana hapa tunapenda kusifu mno. Si albamu bora ya Queen. Kuna pahala inataka kuwa kila kitu kwa pamoja, kama mtu aliyepewa dakika tano jukwaani na ana maneno ya saa nzima. Inamalizikia kwa kipande kifupi cha "Seven Seas of Rhye", hakina hata maneno, kikakatika. Mara ya kwanza nilidhani simu imeisha chaji. Kumbe wimbo ulikuwa haujakamilika, ukaja kumalizwa kwenye albamu ya pili na ukawa ndo wa kwanza kuwatoa. Na kuna "My Fairy King", ambapo Freddie anajijengea nchi yake ya kufikirika. Wenzangu hapa mjini hupenda kuitafuta Unguja humo ndani. Mie sijaiona, na sitaki kuilazimisha. Ila Brian May amesimulia kuwa jina la Mercury lilitokana na wimbo huo. Kijana aliyeondoka hapa akiitwa Bulsara, jina tunaloelekezea watalii kalitoa kwenye albamu hii ya makombo.

Nimeyaeleza yote haya kwa sababu ya lile daftari langu.

Zamu zile za usiku zilinipa hadithi kumi na moja. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nikazichapa, nikazipeleka kwa mchapishaji mmoja, na baada ya kimya cha miaka miwili nikaacha hata kuuliza. Nikaacha na mapokezi, nikawa mwalimu wa skuli. Mwaka jana mhariri mpya akaniandikia: mswada wako tumeukuta, tunautaka, una miezi mitatu ya kusahihisha.

Ningefurahi. Badala yake nilipozisoma nilitamani ardhi ipasuke. Sentensi ndefu zisizo na breki. "Basi" kila mstari. Nikakaa chini kuzifumua moja moja, na nakiri nyingi zilipona. Mpaka nikafika ile ya mlinzi.

Pale kazini tulikuwa na mlinzi mzee, sote tukimwita babu. Alikaa kwenye baraza ya mlango mpaka alfajiri. Usiku mmoja alinihadithia kuhusu kaka yake aliyepanda jahazi kwenda Maskati, wao wakiwa vijana, akasema anarudi msimu ujao. "Ndo maana naipenda zamu ya usiku, mjukuu wangu," akaniambia. "Vyombo vikiingia alfajiri, mie nshaamka." Niliiandika usiku ule ule, yeye akiwa hatua kumi kutoka nilipo, namsikia anakohoa. Babu alifariki mwaka ule niliohama kazi.

Niliisahihisha hadithi hiyo wiki mbili. Nikapunguza, nikapanga, nikamtoa "basi" zake zote. Ikawa safi. Nikaisoma kwa sauti, na mtu aliyekuwa anazungumza mle ndani hakuwa babu. Alikuwa mtangazaji wa taarifa ya habari. Kila kitu kipo, roho haipo. Na siwezi kwenda barazani kumuuliza tena, babu, ile jahazi uliisemaje vile?

Mwaka 2024 May na Taylor waliifanyia kazi upya ile albamu ya kwanza. Dramu zikapewa mvumo walioutaka tangu 1972, na "Mad the Swine" ikarudishwa pahala pake kwenye orodha. Nimeisikiliza. Ni nzuri, na wana haki. Kwa muda nilijiambia, unaona, hata Queen wamesahihisha. Halafu nikakumbuka kuwa waliokaa kwenye mitambo ni wawili kati ya wanne. Freddie kafariki 1991, na Deacon alishajitoa kwenye muziki zamani. Kilichowawezesha kusahihisha ni kwamba mwaka 1973 waliitoa na kasoro zake, na sauti ya mwenzao ikabaki kwenye kanda. Wangeingoja studio iwape dramu wanazozitaka, labda leo kusingekuwa na cha kusahihisha.

Kwa hiyo nimefanya walivyofanya kwa "The Night Comes Down". Hadithi kumi zimekwenda kwa mchapishaji zikiwa zimesahihishwa. Ya mlinzi nimeitoa kwenye daftari kama ilivyo, nikarekebisha tahajia tu.

Wiki iliyopita mhariri kanitumia ujumbe. "Kaka, hii ya mlinzi mbona 'basi' zimejaa hivi? Ukurasa mmoja nimezihesabu tisa. Ni makusudi?"

Nikamjibu: "Ziache, dada. Ndivyo alivyokuwa akizungumza."