Ruta Ndogo ya Safari: Tuchague Ipi?

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwalimu wa leo anapokuwa safarini huivaa nguo hiyo mara nyingi bila kujitambua, kwani mtandao wa hoteli ni kitu cha kuazima, nasi hatujui ni nani wengine waliojifunika nao usiku huo huo. Kwa sababu hiyo tumeona si vibaya kuwaeleza walimu wenzetu, pamoja na wanaojifunza lugha yetu, habari za chombo kidogo kiitwacho ruta ya safari, na jinsi ya kukichagua. Wako wanaokiita kisambaza data. Sisi tutasema ruta, maana neno hili ni fupi na linafuata matamshi yetu vizuri.

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Bujumbura hatukosi wageni. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na walimu wa Kigoma, Dar es Salaam na Nairobi huja kwetu kama nasi twendavyo kwao. Mchana wageni hupenda kuzuru Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni. Usiku kazi huhamia vyumbani. Katika semina mojawapo tulikusanyika walimu wanne katika chumba kimoja cha hoteli, tukitunga maswali ya mtihani. Mtandao wa pale ulikubali vyombo viwili tu kwa kila chumba, na haukuwa na neno la siri lolote. Mwenzetu mmoja akauliza: "Jamani, mtihani huu tunaupitisha katika njia ya nani?" Swali hilo ndilo lililotushawishi kutoa fedha za kikundi ili tununue ruta. Mtihani ukishavuja ni maji yaliyomwagika, hayazoleki, na wanaoumia ni watoto.

Ikumbukwe kwanza kwamba ruta haiongezi kasi ya mtandao. Kama bomba la hoteli ni jembamba, maji yatakuwa yale yale. Kazi yake ni kuupokea mtandao wa hoteli kama chombo kimoja, kisha kuugawa ndani ya chumba kwa jina letu na neno letu la siri, huku ikiweka ukuta kati ya vyombo vyetu na vya wageni wengine. Kwa hiyo anayenunua na atazame mambo matano.

La kwanza, ruta iwe na uwezo wa kupokea mtandao pasiwaya. Zipo zinazopokea kwa waya peke yake, na vyumba vingi vya hoteli havina tundu la waya huo. La pili, iweze kuvuka ule ukurasa wa kujiandikisha unaodai namba ya chumba. Ruta nzuri huuleta ukurasa huo kwenye simu ya mmoja wetu. Akishajiandikisha yeye, wengine wote hupita mlango huo huo.

La tatu, iwe na masafa mawili, yaani gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi. Ya pili huenda kasi lakini hayafiki mbali. Ruta yenye masafa mamoja hupokea na kugawa kwa zamu, na kasi yake yaweza kupungua hata kufikia nusu. Yenye mawili hupokea kwa moja na kugawa kwa jingine.

La nne ni umeme, na hapa Bujumbura jambo hili si dogo, kwani umeme hukatika. Tulichagua ruta inayotumia volti 5 kwa waya wa USB, kama simu, ili betri ya akiba iweze kuiendesha gizani, mradi mitambo ya hoteli yenyewe inafanya kazi. Tena wageni wa Tanzania na Kenya wasisahau adapta: soketi za kwetu hupokea plagi ya pini mbili za mviringo, si ile ya pini tatu za bapa waliyoizoea.

La tano, na ndilo lenye uzito kuliko yote, ni ulinzi. Iwe na ulinzi wa WPA2 au, bora zaidi, WPA3 uliotangazwa mwaka 2018. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alidhihirisha kasoro katika WPA2, na watengenezaji wakalazimika kutoa marekebisho ya programu zao. Fundisho lake ni wazi: tusinunue ruta ya mtengenezaji asiyetoa marekebisho, hata ikiwa ya bei rahisi namna gani. Na neno la siri linalotoka kiwandani libadilishwe siku ile ile.

Hata hivyo ruta si hirizi. Mwovu akifungua mtandao bandia wenye jina la hoteli, ruta itaupokea vilevile; hatuna budi kuuliza jina halisi mapokezini. Baadhi ya ruta huweza pia kuficha mawasiliano yote kwa njia ya VPN, lakini kila nchi ina sheria zake. Nchini Tanzania, mathalani, Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao. Msafiri na aulize kabla ya kuvuka mpaka.

Mweka hazina wetu alihoji kwa nini tusitumie simu tu. Hoja yake ina haki yake. Mwalimu anayesafiri peke yake, na simu yake na kompyuta moja, hana haja ya ruta. Agawe mtandao wa laini yake, inamtosha. Lakini wakiwa wanne, kifurushi cha mmoja huisha upesi na betri yake pia, na si kila simu iwezayo kupokea mtandao wa hoteli na kuugawa papo hapo. Kwa sababu iyo hiyo hatukununua ruta yenye tundu la laini: ina bei kubwa zaidi, na laini tunazo tayari katika simu zetu.

Limebaki jambo la adabu. Hoteli ikiweka kikomo cha vyombo viwili, kuingiza sita kwa mlango wa ruta bila kusema ni hila, hata kama hakuna atakayegundua. Twaona mwalimu aombe ruhusa mapokezini. Akikataliwa, avumilie au alipe. Tunaonunua chombo kwa ajili ya kulinda amana ya wanafunzi haifai tuanze kukitumia kwa kuvunja amana ya mwenyeji wetu.