Msimu wa Yanga na Mtama wa Mama



Mimi ni bwana shamba hapa Hombolo, Dodoma. Kazi yangu ni mtama, uwele na zabibu. Lakini nina ugonjwa mmoja: ni mpenzi wa Yanga. Leo nakueleza habari za msimu wa 2022/2023. Msimu ule haujanitoka moyoni.

Unazijua mvua zetu. Mvua ya kwanza inanyesha, unapanda, kisha jua linawaka wiki tatu. Mbegu zinakufa. Unafanya nini? Unapanda tena. Yanga nao mwaka ule walipanda mara mbili. Walianza katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Oktoba 2022 Al Hilal ya Sudan iliwatoa. Dar es Salaam walitoka 1-1, kisha wakafungwa 1-0 kule Omdurman. Wakaangukia Kombe la Shirikisho. Huko walikutana na Club Africain ya Tunisia, wakatoka 0-0 nyumbani. Watu wengi tulisema yamekwisha. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Walipokwenda Tunis, Aziz Ki alifunga bao moja, wakapita. Nilinyamaza.

Katika ligi ya nyumbani, Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 bila kufungwa. Tarehe 29 Novemba 2022 walikwenda Mbarali, Mbeya. Ihefu 2, Yanga 1. Kesho yake nilikuwa na mkutano wa wakulima. Nilikuwa nikieleza nafasi za kupandia mtama. Mzee mmoja, mtu wa Simba, alinyoosha mkono. Akauliza, "Bwana shamba, arobaini na tisa ukiongeza moja ni ngapi?" Mkutano wote ulicheka. Sikumjibu.

Mwaka 2023 mambo yalibadilika. TP Mazembe ya Kongo ilifungwa 3-1 Dar es Salaam, kisha 1-0 kwao Lubumbashi. Watoto wa hapa wakaanza kutetema kila mahali, kama alivyofanya Fiston Mayele akifunga bao. Walitetema hata wakichota maji. Tarehe 13 Mei Yanga walipata ubingwa wa ligi kwa kuifunga Dodoma Jiji 4-2. Siku hiyo nilikuwa na mioyo miwili, maana Dodoma Jiji ni timu ya kwetu.

Ikabaki fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger ya Algeria. Mechi ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, Jumapili tarehe 28 Mei. Hapa, ndugu msomaji, naingia katika kosa langu.

Mama mmoja mjane, mkulima wangu, alikuwa amevuna mtama. Masuke yalikuwa yamelundikwa shambani, mbali na nyumba. Nilimwahidi kumletea mkokoteni Jumapili hiyo, tuyabebe kabla ya giza. Sikwenda. Nilikaa kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira. USM Alger walitangulia kufunga. Mayele akasawazisha dakika ya 82. Tulirukaruka, viti vikavunjika. Dakika mbili baadaye Waalgeria wakafunga la pili. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Usiku ule ng'ombe waliingia katika shamba la yule mama, wakala sehemu kubwa ya mtama.

Asubuhi nilikwenda kuona. Mama hakunigombeza. Aliokota masuke yaliyobaki, moja moja. Ningependa angenigombeza. Nilikubali kumlipa debe tatu kutoka ghala langu.

Mechi ya pili ilichezwa Algiers, Jumamosi tarehe 3 Juni, usiku. Mchana nilipeleka debe zile tatu. Mama akaniambia nibaki, tusikilize redio yake pamoja na wajukuu. Dakika ya 7 Djuma Shabani alifunga kwa penalti. Baadaye kipa Diarra akapangua penalti ya wenyeji. Mpira ukaisha, Yanga 1, USM Alger 0. Lakini kombe likabaki Algeria.

Mama aliomba nimweleze. Nilichora chini kwa kijiti. Yanga 1 na 1 ni 2. USM Alger 2 na 0 ni 2. Wamelingana. Lakini kwa sheria ya mashindano yale, mkilingana, aliyefunga mabao mengi ugenini ndiye mshindi. Wao walifunga 2 kwetu. Sisi tulifunga 1 kwao.

Mama alitazama hesabu ile kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo cha ugenini kina uzito zaidi?"

"Ndiyo, mama."

"Mtama wangu uliliwa shambani, mbali na nyumbani. Ongeza debe moja."

Wajukuu walicheka mpaka redio ikazimwa.

Debe la nne nililipeleka tarehe 12 Juni. Siku hiyo Yanga waliifunga Azam 1-0 mjini Tanga, wakachukua kombe jingine. Mama alilipokea debe, akalitikisa ili mtama ushuke. Akaona halijajaa vizuri, akanituma nyumbani kuleta kibaba kimoja.