Mota ya Dani

Ndani ya mulika mwizi kuna mota inayotoshana na kifungo cha shati. Uzito wake umewekwa upande mmoja makusudi. Ukizunguka, simu nzima inatetemeka. Kanuni ni ile aliyoionyesha Faraday mwaka 1821: waya, sumaku, mzunguko. Nilifundishwa hayo kabla fees initoe campus.

Dani, kule Magunga, masikio yamechoka. Simu hukaa kifuani, imefungwa kwa leso. Mota ilipokufa, alikaa wiki mbili akiamini tumemsahau. Fundi wa sokoni alitoa nyingine kwa simu mbovu, akachomelea nyaya mbili, basi.

Wengine wanasubiri roboti zije. Mimi nikipiga siku hizi, Dani anashika haraka, hata kama hasikii yote ninayosema.