Nyumba Yake, Ardhi ya Mwingine

Binamu yangu anayeishi Ohio, Marekani, aliniandikia mwezi uliopita akitaka tuchange fedha kuanzisha mtaa wa nyumba za kuhamishika. Aliniomba, kwa kuwa ni mwalimu wa uchumi, nimpigie hesabu: je, mradi utalipa?

Kwa asiyeufahamu mpango huo: mwenye ardhi huchonga barabara, huvuta maji, umeme na mabomba ya majitaka, kisha hukodisha viwanja vitupu. Mpangaji huja na nyumba iliyoundwa kiwandani, akalipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba ni yake, ardhi si yake.

Nikashika kalamu. Tuseme viwanja ni 50, na kila kimoja kinagharimu dola 40,000 hadi kuwa tayari: jumla dola 2,000,000. Kodi ikiwa dola 400 kwa mwezi na viwanja vyote vimejaa, mapato ya mwaka ni dola 240,000. Toa 96,000 za ushuru, bima, matengenezo na usimamizi, zabaki 144,000. Fedha zote zikiwa za mkopo wenye riba ya asilimia 7, riba peke yake ni 140,000. Tena viwanja havijai kwa siku moja. Vikiwa nusu, mapato hushuka hadi 120,000 ilhali gharama nyingi zi pale pale. Nikamjibu kwamba haulipi.

Binamu alicheka. "Ndugu yangu, hukumaliza hesabu. Tukishajaza, tunapandisha kodi."

Alisema kweli. Dola 50 tu kwa kila kiwanja huleta 30,000 zaidi kwa mwaka, bila kuongeza hata mfereji mmoja. Na wapangaji hawatahama, kwani nyumba hizo ni za kuhamishika kwa jina tu: kuisafirisha moja hugharimu maelfu ya dola, na iliyochakaa huenda isifike. Faida ya mradi, basi, yatokana na mtu kushindwa kuondoka.

Hapo nikamkumbuka marehemu nyanya yangu wa Majengo, Mombasa. Sisi wa Pwani twaujua mpango huu tangu zamani. Twauita nyumba bila ardhi. Nyanya alijenga kwa fedha za maandazi, akamlipa mwenye kiwanja kila mwezi kwa miaka mingi. Kiwanja kilipouzwa, mnunuzi alimpa notisi. Aliondoka na milango, madirisha na mabati. Kuta zilibaki, nazo ndizo zilizokula ujana wake.

Sisemi biashara hii ni haramu. Watu wa kipato kidogo wahitaji pa kukaa, na anayewatengenezea viwanja astahili faida. Lakini mkataba waweza kuandikwa kwa namna nyingine. Huko huko Marekani, katika jimbo la New Hampshire, tangu 1984 wakazi wa mitaa kama hiyo wamekuwa wakiunda vyama vya ushirika na kuinunua ardhi waliyokuwa wakiikodi.

Nilimwandikia binamu kwamba nitatoa fungu langu kwa masharti mawili: kiwango cha kupandisha kodi kiandikwe kwenye mkataba, na ardhi ikiuzwa, wakazi wawe wa kwanza kuulizwa. Nimeirudia hesabu kwa masharti hayo. Faida ni ndogo na ya kuchelewa. Nimemtumia hiyo pia, wala hajanijibu.